Kidole Gumba Nyuma ya Mlango

Mtu anaweza kuishi miaka arobaini na minane, akaoa, akazaa, akazika wazazi, akapiga lipu nyumba za mtaa mzima, asijue hata siku moja kwamba vidole vyake havina alama. Fundi Kioo aliishi hivyo, tena kwa raha zake. Alikuja kujua Jumanne moja asubuhi, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya ofisi ya uhamiaji ya nchi ya watu, ameweka vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo kidogo chenye taa ya kijani, na kioo kinamjibu kwamba hakuna mtu.

"Bonyeza kidogo," alisema afisa wa mashine, bwana mmoja mwenye tai nyekundu iliyonyooka utadhani imepigwa rula.

Fundi alibonyeza. Taa ikawa nyekundu.

"Usibonyeze sana."

Akalegeza. Nyekundu.

"Futa jasho."

Akafuta jasho kwenye suruali, ile mpya aliyonunuliwa na mkewe kwa ajili ya siku hiyo hiyo, akaweka tena. Nyekundu. Bwana Tai akasogeza kiti, akamshika mkono, akamkandamizia vidole kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto kuandika, na bado mashine ikagoma katakata. Nyuma yao watu waliitwa kwa namba zao, wanaweka vidole, wanapita, wanakwenda zao. Hata binti yake wa miaka tisa alikuwa ameshapita dakika tano nyuma, na sasa amesimama pembeni na mama yake, anamwangalia baba kwa huruma.

"Baba, weka kama mimi. Taratibu tu."

"Naweka kama wewe, mama."

"Huweki."

Hilo jina la Kioo alilipata kazini. Huko alikotoka alikuwa fundi wa lipu ambaye ukuta wake ukiupitishia kiganja hukutani na hata chembe, na watu walimtania kwamba kwa huyu bwana bibi harusi anaweza kujirembea ukutani. Mkewe ni muuguzi. Hospitali ya nchi hii ndiyo iliyomwita, akatangulia peke yake, miaka miwili analala na picha za mume na mtoto chini ya mto, mpaka alipopewa ruhusa ya kuwaleta. Fundi na binti yake waliingia kwa viza ya miezi mitatu, na ndani ya miezi hiyo kila mmoja alitakiwa apate kadi ya ukaazi. Fomu zilijazwa. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, barua ya hospitali, picha za watu waliokatazwa kutabasamu, vyote vilikuwemo kwenye faili na vyote vilikuwa na mihuri. Kilichobaki kilikuwa chepesi kuliko vyote, nacho ni vidole, vitu ambavyo mtu anatembea navyo bila kuviombea kibali.

"Sikiliza, mzee," Bwana Tai alisema, na hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. "Utaratibu unatoa nafasi tatu. Hii ya kwanza imekwenda. Nakuandikia ya pili baada ya wiki tatu na nusu. Ya tatu ndiyo ya mwisho."

"Na hiyo ya mwisho nayo ikikataa?"

"Ombi linafungwa. Viza ikiisha unarudi kwenu, unaomba upya kutokea huko. Foleni kwa sasa ni kama miaka miwili."

Mkewe, aliyekuwa hajasema neno, alirudia kwa sauti ndogo, "Miwili mingine?" Fundi alimwona akimshika binti yao bega, akalishika kwa nguvu.

Ila kuna jambo moja alilouliza kabla ya kuinuka, na ndilo lililomharibia usingizi. Aliuliza kwa nini wanasumbuka na vidole ilhali faili limejaa picha na saini. Bwana Tai akamwambia, huku akipanga karatasi zake hana hili wala lile, kwamba picha zinafanana na saini zinaigwa, lakini vidole havijawahi kufanana. Duniani kote, alisema, hakuna mwingine mwenye vyako. Hata mapacha waliolala tumbo moja, kila mmoja ana vyake. Hata waliokufa zamani.

Fundi aliinuka, akaangalia ule ukumbi. Ulikuwa na watu kama mia mbili, wamekaa safu kwa safu na bahasha mapajani, mama anayenyonyesha, wazee wawili wanaogombania kalamu, msichana anayekariri majibu midomo ikimcheza. Kila mmoja alikuwa na vidole kumi, na kila kidole kina mchoro ambao haujawahi kuchorwa tena tangu dunia iwe dunia. Alisisimkwa mwili mzima, jamani. Alikuwa amepeana mikono na watu maisha yake yote kumbe hajui anashika nini. Halafu akakumbuka kwamba yeye, kati ya wote hao, ndiye asiye na kitu, na ule msisimko ukageuka simanzi.

Kwa wiki tatu na nusu hakukaa kwa amani. Kazi hakuruhusiwa kufanya mpaka apate kadi, kwa hiyo alishinda kwenye ile nyumba ya vyumba viwili akiutazama ukuta wa sebule, ambao aliyeupiga lipu, haki ya nani, anastahili kushtakiwa. Ulikuwa na tumbo katikati. Kila akikaa kula lile tumbo linamtazama. Mkewe akirudi kazini anamkuta amesimama hapo anapapasa, na anamwambia, "Uache ukuta wa watu," naye anasema, "Nimeuacha," na mkono haujatoka ukutani.

Siku ya nafasi ya pili alidamka. Alioga, akachukua jiwe lake, akasugua mikono.

Hilo jiwe lazima nilieleze. Lilikuwa jiwe la kijivu, saizi ya yai la bata, lililolainika upande mmoja kwa miaka mingi ya kusuguliwa. Alilirithi kwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha ufundi, na mjomba alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na msamaha nayo: fundi haingii kwa mwenye nyumba na saruji mikononi. Ukimaliza kazi unasugua. Ukienda kudai kazi mpya unasugua. Ukienda kwa mtu mkubwa unasugua mara mbili. Mikono ndiyo barua ya fundi, mjomba alikuwa akisema, na nani atakusomea barua chafu? Fundi alilitii lile neno tangu ana miaka kumi na saba. Hata huku ugenini, ambako hakuwa amegusa saruji tangu ashuke kwenye ndege, kila asubuhi alisugua, kwa mazoea tu, kama wengine wanavyopiga mswaki. Na kwa kuwa ofisi ya uhamiaji ni mahali pa heshima, siku hiyo alisugua mara mbili, mpaka ncha za vidole zikang'aa.

Nadhani umeshaelewa. Yeye hakuelewa, na usimcheke.

Taa ilikuwa nyekundu. Bwana Tai aliwasha mashine nyingine, nayo nyekundu. Alimpaka losheni, akamfuta kwa kitambaa, akampulizia pumzi vidoleni, na jasho likamtoka Bwana Tai mwenyewe. Mwisho akaandika tarehe ya nafasi ya tatu, siku mbili kabla viza haijaisha, akamkabidhi karatasi bila kumtazama usoni.

Fundi alizunguka na ile aibu kifuani siku kumi. Ya kumi akampigia simu kaka yake mkubwa, anayeishi kwenye nyumba ya mama yao huko nyumbani, akajifanya kutania. "Kaka, mwenzio nimeambiwa mimi si mtu. Nimewekwa kwenye mashine haioni kitu."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Lakini wewe alama unayo. Si ile jikoni kwa mama, nyuma ya mlango?"

"Ipi?"

"Umesahau! Ngoja."

Picha ilipofika, Fundi aliketi kitandani. Ilikuwa kona ya chini ya ukuta wa jiko, nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna anayepatazama labda awe anatafuta kitu kilichoanguka. Na pale kwenye saruji palikuwa na kidole gumba. Kilikuwa kimebonyea wazi, na mistari yake yote ndani, inazunguka na kuzunguka mpaka katikati. Yakamjia yote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ule ndio ukuta wa kwanza kuupiga peke yake tangu chini mpaka juu, na mjomba alimwambia aweke muhuri wake kabla ule uji laini wa saruji wa mwisho haujakauka, mahali pa siri, kwa sababu ukuta wa kwanza ni wa fundi hata kama nyumba ni ya mtu mwingine. Siku hiyo vidole vyake vilikuwa bado vya kijana, saruji haijavila. Alibonyeza gumba la kulia, akacheka, akaenda kula. Hakukumbuka tena.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kwenye picha, kitu ambacho hakukielewa. Ukuta mzima ulikuwa na rangi nene, safu juu ya safu, na mama yao alikuwa na kawaida ya kulipaka jiko upya kila mwaka mvua zikiisha. Ila kuizunguka ile alama palikuwa na duara tupu, saruji yenyewe, pasipo tone la rangi. Rangi zote zilikuwa zimeishia ukingoni, zimejijenga mwaka kwa mwaka mpaka zimekuwa kama fremu.

"Mbona hapo hapakupakwa?" aliuliza kwenye simu.

"Mama huyo," kaka alisema. "Si unamjua, alikuwa hataki fundi wa rangi, anapaka mwenyewe. Akifika hapo anachukua brashi ndogo, anapiga magoti, anazunguka. Mwaka ule wa mwisho mikono ilikuwa inamtetemeka, akaniita nimpakie mimi. Akasimama nyuma yangu kama askari. Akaniambia, hapo usiguse. Hapo yupo mwanangu."

Fundi aliitazama tena ile picha, akairudisha simu sikioni.

"Hukujua?" kaka aliuliza.

Hakujua. Miaka ishirini na ngapi, kila mwaka, mama yake alipiga magoti nyuma ya mlango, na kila alipomtembelea hakumwambia, alimwambia tu akae ale. Fundi Kioo alilia pale kitandani na simu sikioni, na kaka yake akamwacha alie, gharama ikienda.

Kesho yake alifanya jambo ambalo fundi peke yake angelifanya. Alikwenda dukani, akaisafisha ile picha kubwa, upana wa sinia, akatia kwenye bahasha, akaenda uhamiaji bila miadi, akapanga foleni saa mbili nzima. Alipofika mbele ya Bwana Tai akaitandaza mezani.

"Alama zangu hizi hapa," alisema. "Kumbe ninazo. Ziko kwetu ukutani. Ingiza hizi kwenye mashine."

Bwana Tai aliitazama picha, akamtazama Fundi, akaitazama picha. "Mzee wangu, hatuchukui alama za ukutani."

"Kwani ukuta umesema uongo?"

Watu wa nyuma wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama na nyumba itaombewa viza. Fundi alisikia masikio yakimwaka moto, lakini hakuiondoa picha. Alikuwa amefika mahali ambapo aibu haina kazi tena.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka mama mmoja mfupi, mvi kichwa kizima, ana lenzi nene ya mkononi inayoning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa mtunza kumbukumbu. Kabla mashine hazijaja, ni yeye aliyekuwa akizisoma alama kwa wino na macho yake, na alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Vicheko ndivyo vilivyomtoa. Fundi alimwita Mama Lenzi moyoni, na jina likabaki.

"Nipe hiyo," alisema Mama Lenzi.

Aliinamia picha. Aliweka lenzi, akaisogeza pole pole, na kadiri alivyosogeza ndivyo uso wake ulivyobadilika. Bwana Tai akaacha kuandika. Hata wale wachekaji wakatulia.

"Hii ina umri gani?"

"Miaka ishirini na tisa, mama."

"Ishirini na tisa," alirudia. "Nimekaa hapa miaka thelathini na tatu, na sijaona alama iliyokaa ukutani hivi. Ona huu mstari." Alimvutia Fundi lenzi jichoni. "Unazunguka, unazunguka, hapa unakatika. Ona, umekatika. Halafu unaanza tena na kugawanyika mara mbili. Huu ukinipa kati ya alama milioni nitakuchagulia."

Fundi aliangalia kupitia lenzi, akasahau alipo. Ile mistari ilikuwa imepangana safi kuliko lipu yoyote aliyowahi kupiga, hakuna uliogusa mwenzake, na hakuna mtu aliyeishikia rula. Alijiona mdogo, halafu papo hapo akajiona ametengenezwa kwa makini sana, na hakujua ashike lipi.

"Sasa lete mkono wenyewe."

Akaupeleka. Mama Lenzi alikitazama kidole gumba kwa muda mrefu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso. "Saruji umegusa lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijasafiri. Miezi miwili na zaidi."

"Haiwezekani. Ngozi hurudi. Kwa miezi miwili ingekuwa imerudi yote." Akafikiri. "Unanawa na nini?"

Fundi, asiye na hatia kama mtoto mchanga, akatia mkono mfukoni, akatoa jiwe la mjomba lililofungwa kwenye kitambaa safi, akaliweka mezani. "Kila asubuhi. Nikija huku kwenu, mara mbili. Ofisi ya serikali, mama, mtu hawezi kuja na mikono michafu."

Mama Lenzi alilichukua jiwe, akalipapasa, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. "Baba wee! Sisi huku tunapuliza, tunapaka losheni, tunabadilisha mashine, kumbe mwenyewe unazifuta nyumbani ndio unakuja!"

Fundi aliitazama mikono yake, ile mikono aliyoitakasa kwa heshima, na akahisi kujizaba kofi.

"Zimekwisha?" aliuliza.

"Haziishi." Mama Lenzi aliacha kucheka. "Nisikilize vizuri. Hiyo mistari haikuanzia juu ya ngozi, imeanzia chini. Ulikuwa nayo tumboni, kabla mama yako hajajua anabeba wa kiume au wa kike. Ukiisugua inaondoka juu. Ukiiacha inapanda tena, hiyo hiyo, pale pale, na ulipokatika mstari utakatika tena. Umebakiza siku ngapi?"

"Nafasi yangu ni baada ya siku ishirini."

"Ni chache, lakini siyo hakuna. Usiguse jiwe. Usioshe hata kikombe. Jipake mafuta asubuhi na jioni, kisha umwombe aliyeiweka airudishe."

Basi Fundi Kioo, mtu ambaye tangu ujana wake hajawahi kukaa na mikono mitupu, akageuka bwana harusi ndani ya nyumba yake. Jiwe alilikabidhi kwa binti yake, naye akalificha mahali ambapo hajamwambia mtu mpaka leo. Mkewe alimtafutia mafuta mazito ya hospitalini na glavu za pamba za kulalia. Vyombo aliosha mke, nguo alifua mke, na akitaka hata kumenya chungwa anamenyewa. Siku moja, wamemaliza kula, mkono wake wenyewe ulijipeleka kwenye sinki na kushika ile sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, na binti akapiga ukelele majirani wakagonga ukuta.

Binti ndiye aliyekuwa mkaguzi. Kila siku akitoka shule alimketisha baba dirishani, akampaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, chini yake akaandika tarehe. Siku za kwanza kilitoka kidoa cheusi kitupu. Siku ya tano, kidoa. Siku ya tisa, kidoa. Siku ya kumi na moja mkewe aliitazama ile karatasi, akaenda bafuni akafungua maji kwa nguvu ili asisikike, lakini alisikika. Fundi alisimama mlangoni na glavu zake, hajui hata agonge kwa mkono gani.

"Nikirudi huko," alisema kupitia mlangoni, "usikae miaka miwili unalia. Nitakuwa napiga simu kila siku."

"Nyamaza," mkewe alisema kutoka ndani. "Hurudi popote. Kalale na glavu zako."

Siku ya kumi na tatu binti alibonyeza kidole kwenye karatasi, akakiinua, akainama, pua karibu iguse wino.

"Baba."

"Nini?"

"Kuna kitu."

Pembeni ya kidoa kulikuwa na mistari mitatu, myembamba mno, imepinda pamoja. Fundi aliita mkewe, mkewe akaja na mikono ya sabuni, wakasimama wote watatu mbele ya friji. Kesho yake ilikuwa mitano. Keshokutwa haikuhesabika upande ule. Kila siku mchoro ulisogea ndani kidogo, kutoka ukingoni kwenda katikati, na Fundi akawa haangalii tena ule ukuta wenye tumbo, anaangalia kidole chake. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini akiamini yeye ndiye fundi. Sasa kulikuwa na fundi mwingine anafanya kazi chini ya ngozi yake, polepole, bila kelele, bila kukosea mstari, na yeye mwenyewe hatakiwi kufanya chochote ila kutoa mikono yake njiani. Alikuwa akiamka asubuhi na kunyoosha vidole kwenye mwanga, na machozi yanamlenga, na haoni haya.

Lakini katikati, pale mstari unapokatika, palibaki doa mpaka siku ya mwisho.

Walikwenda wote watatu. Mama Lenzi alikuwa ameshatoka chumbani kwake kabla hawajaitwa, amesimama nyuma ya Bwana Tai na lenzi yake shingoni. Bwana Tai alisafisha kioo mara tatu. "Mkono wa kushoto kwanza," alisema.

Fundi aliweka. Taa ilikaa kidogo, ikawa ya kijani. Mkewe alivuta pumzi. Vidole vinne vya kulia, kwanza nyekundu, kisha Bwana Tai akasema pumzika, weka tena, na kijani. Gumba la kushoto, kijani. Likabaki gumba la kulia.

Nyekundu.

"Tena," alisema Mama Lenzi.

Nyekundu. Kwenye nafasi ya mwisho mashine ilitoa mara tatu tu kwa kila kidole, ya tatu ikikataa inajifunga yenyewe, na wote pale mezani walijua. Binti alimshika baba shati kwa nyuma. Fundi alikiinua kidole, akakitazama, na akakumbuka jinsi alivyobonyeza ile siku, ana miaka kumi na tisa. Hakuwa amekandamiza. Saruji laini haikandamizwi, inaharibika. Ulikuwa unaweka tu, unaacha uzito wa kidole chenyewe ufanye kazi, unahesabu moja, mbili, tatu, unatoa.

Akaweka hivyo. Akahesabu moyoni.

Taa ikawa ya kijani.

Mkewe alipiga kigelegele, ndani ya ofisi ya serikali, na watu mia mbili wakageuka. Bwana Tai hakumkataza. Alikigeuza kioo cha kompyuta upande wao, na kwenye kioo kilikuwapo kidole gumba kikubwa kama sinia, mistari myeusi inazunguka na kuzunguka mpaka katikati. Mama Lenzi akatoa ile picha ya ukutani, ambayo kumbe muda wote alikuwa ameiweka kwenye faili, akaishika kando ya kioo.

Fundi alitafuta. Alifuata mstari, ukazunguka, ukazunguka, na pale pale ulipokatika jikoni kwa mama yake, ulikatika. Ukaanza tena. Ukagawanyika mara mbili. Miaka ishirini na tisa ya saruji na jiwe ilikuwa imepita juu yake na haukusogea hata unywele. Alimwona mama yake kabisa, amepiga magoti nyuma ya mlango na brashi ndogo mkononi, anazunguka polepole asimguse.

"Kuna swali moja la mwisho," alisema Mama Lenzi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni la utaratibu, lazima niulize. Hii alama ni yako?"

Fundi Kioo alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, vidole vyake amevinyoosha mbali visiguse kitu.

"Ndiyo, mama," alisema. "Hapo nipo."